Mlango Niliousemea Uongo

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikiwasimamisha watu mbele ya mlango mmoja wa Shangani na kuwaambia, "Hapa ndipo alipozaliwa." Nilisema kwa Kiingereza, kwa Kitaliano nilichookota bandarini, na kwa Kijerumani cha sentensi nne. Simu zinatolewa mifukoni, picha zinapigwa, mama mmoja mtu mzima aliwahi kuubusu ukuta. Mimi nikiona macho ya mgeni yanalengalenga, najua bahashishi haiko mbali.

Hakuzaliwa pale. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, ambaye wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali hapa hapa mjini Unguja. Lakini hospitali haina mlango wa kuchonga, na mgeni hakuvuka bahari kuja kupiga picha wodi.

Nianze nilikoanzia mwenyewe. Nilikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, boti za Dar zikitia nanga. Ukishambeba mtu begi mpaka hotelini, umeshajua anatoka wapi, anakaa siku ngapi na anaogopa nini. Kutoka hapo kuingia kwenye upapasi ni hatua moja. Wasiokuwa wa kwetu wanaweza wasilielewe neno hili: papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, anakuganda na kukunyonya mpaka ashibe, na ndilo jina tulilopewa sisi tunaowaganda watalii mitaani. Halikunikera. Lilikuwa la haki.

Siku hizo kila papasi alikuwa na nyumba yake ya Freddie. Mwenzangu mmoja yake ilikuwa kule Vuga, kwa sababu ndiko alikokuwa na binamu mwenye duka la vinyago. Mwingine nyumba ilihama kulingana na jua: asubuhi upande huu, jioni upande ule wenye kivuli. Yangu mimi ilikuwa ile ya Barabara ya Kenyatta, iliyokuwa na duka la zawadi chini na maandishi ya Mercury House, kwa hivyo nikijiona mkweli kuliko wenzangu. Angalau nyumba yangu ilikuwa na kibao.

Aliyenikata ngebe ni mzee mmoja wa Kiingereza, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa. Alinisikiliza kuanzia Ngome Kongwe mpaka Shangani bila kuuliza kitu. Nikamweleza kwamba baba yake Freddie alikuwa tajiri wa karafuu mwenye mashamba Pemba. Nilishalisema hilo mara mia na hakuna aliyepinga. Karafuu zina harufu nzuri hata kwenye uongo. Tulipofika Jaws Corner tukakaa barazani kunywa kahawa, ndipo akaniambia kwa upole, kama mtu anayekuonesha kuwa kifungo chako cha shati kimefunguka: baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya Waingereza. Hakuwa na shamba. Alikuwa akihesabu fedha za watu wengine.

Kisha akanipa bahashishi nene kuliko ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angeninyima ningemwita bahili na kumsahau kabla ya magharibi.

Basi nikaanza kusoma, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kadiri nilivyosoma niliona kwamba hadithi niliyokuwa nikiiuza ilikuwa dhaifu kuliko ya kweli. Ukoo ulitoka Bulsar, Gujarat, na jina la Bulsara limetoka huko. Walikuwa Waparsi, watu waliohamia India kutoka Uajemi karne nyingi nyuma kwa ajili ya kulinda dini yao, ile ya Zoroaster. Na hapa kwetu walikuwa na hekalu lao la moto, mbali kidogo na vichochoro vya Mji Mkongwe. Mtoto alianza shule kwa masista wa Kianglikana. Alipofika miaka minane akapelekwa bweni India, St Peter's, mji wa Panchgani, juu milimani, siku ya safari kutoka Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano. Huko ndiko wenzake walikomwita Freddie, na huko akawa na bendi ya shule, The Hectics, wavulana watano wanaopiga nyimbo walizozisikia redioni.

Akarudi Unguja 1963, kijana wa miaka kumi na sita. Disemba ile tukapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikaondoka kwenda Uingereza, mji wa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akawa anasoma sanaa, na kujipatia riziki akifanya vibarua. Kimoja kati ya vibarua hivyo kilikuwa kupakia mizigo Heathrow.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Mchukuzi! Miaka yote nimemfanya mwana wa tajiri wa karafuu, kumbe tulikuwa wa fani moja. Mabegi ya wageni yametupita mgongoni mimi na yeye.

Makumbusho ya Freddie yalifunguliwa 2019 katika nyumba ileile, mwaka mmoja baada ya ile filamu ya maisha yake iliyowafanya hata vijana wa Kipolandi wasiozaliwa enzi zake waje wakiimba njiani. Mwaka uliofuata korona ikafunga viwanja vya ndege, na mlango ukabaki na sisi na paka. Mimi kwa wakati huo nilishapata leseni ya kutembeza wageni, nina kitambulisho shingoni, nilishaacha kusema "alizaliwa hapa". Nikisema tu "familia iliishi hapa", kama makumbusho yenyewe yanavyosema. Lakini ndani sikuingia. Ada ya wageni wanalipa wenyewe, wao wanaingia, mimi nakaa barazani ng'ambo ya barabara nasubiri, naangalia picha zilizotundikwa nje na kujibu salamu. Miaka minne hiyo. Ukimuuliza mtembezaji yeyote wa mji huu atakwambia namna hiyohiyo: tunajua milango yote, vyumba hatuvijui.

Aliyeniingiza ndani ni shangazi yangu wa Wete.

Alikuja Unguja mwishoni mwa 2023 kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia likafanyiwa kazi, la kushoto likawekwa foleni. Akatakiwa asubiri siku kumi karibu na daktari, na siku ya sita alishachoka na kuta za nyumbani kwangu. Akasema anataka kutoka, aone mji kwa jicho jipya kabla halijazoea. Nikamwuliza anataka kwenda wapi. Akasema, "Huko unakowapeleka Wazungu. Mimi nina kasoro gani?"

Akavaa baibui lake jeusi na miwani ya giza ya hospitali, kubwa kama ya mchomelea vyuma. Tukapita Forodhani, akakataa urojo kwa sababu ya dawa, tukapanda mpaka Shangani. Kijana wa tiketi akamwamkia shikamoo na kumpa kiti kabla hata sijalipa.

Nilikuwa nimejiandalia pambo moja la hadithi. Shangazi ni wa 1948. Freddie wa 1946. Wote wawili walikuwapo mji huu mmoja wakiwa wadogo. Nilitaka aseme alimwona. Hata kwa mbali, hata mgongo wake, ningetembea na neno hilo mpaka kaburini. Nikamwuliza tukiwa bado pale mlangoni, "Shangazi, humkumbuki kijana yeyote wa Kiparsi wa mitaa hii?"

"Mimi nilikuwa Ng'ambo," akasema. "Huku tukija na shughuli, tukimaliza twarudi. Na sie wote wale tukiwaita Wahindi, basi. Nani aliyekuwa akijua huyu Parsi, huyu Bohora, huyu Goa? Wao walijuana."

Hapo pambo langu likafa. Lakini ningesema hilo ndilo jibu la kweli kupita yote niliyowahi kulisikia kuhusu nyumba ile. Watu wanadhani mji mdogo kama wetu kila mtu alimjua mwenzake. Kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na hori la maji, na hata lilipofukiwa, mpaka ulibaki vichwani.

Ndani si pakubwa. Ni picha na maelezo ukutani, kutoka utoto hadi majukwaa, na mtu mwenye haraka anamaliza kabla kahawa haijapoa. Wageni wangu wengi huruka utoto wakakimbilia Queen: pale alipoungana na Brian May na Roger Taylor 1970, pale Wembley 1985, kwenye tamasha la Live Aid, walipopiga dakika ishirini na moja tu na dunia ikasimama. Shangazi alifanya kinyume. Kwenye picha za jukwaani alipita upesi, akisema tu, "Huyu mbona kifua wazi, hana baridi huko Ulaya?" Akarudi kwenye utoto. Akainama karibu, jicho jipya mbele, la zamani akalifumba.

Palikuwa na mama aliyempakata mtoto. Akalitazama sari lake, mikono yake. "Huyu ndiye mamake?" Ndiye, nikasema, Jer, amefariki 2016 huko Uingereza, alimzika mwanawe yeye bado hai. Freddie aliondoka Novemba 1991, ana miaka arubaini na mitano.

Tukafika pa shule ya India. Nikamtafsiria maelezo. Akaniuliza, "Miaka mingapi?"

"Minane."

"Minane ya kutimiza au ya kuanza?"

Swali hilo hajaniuliza Mzungu hata mmoja. Nikajibu ya kutimiza, naona. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi saba."

Nilijua, lakini nilijua kama tunavyojua mambo ya wazee: kwamba shangazi alilelewa Unguja kwa mamake mkubwa, akasoma huko. Sikuwahi kuuliza ilikuwaje. Pale, amesimama mbele ya picha ya mtoto wa kigeni, akanisimulia. Alipakiwa meli ya serikali kutoka Wete, 1955, na kikapu cha mabungo cha kumpa mamake mkubwa na kanga moja ya kulalia. Aliambiwa anakwenda kutembea. Mabungo yakaiva njiani yakaanza kunuka, watu wa melini wakamwambia ayatupe baharini, akakataa, akayakalia. Usiku alilala juu ya kikapu. Alipofika Malindi wakacheka, wakayatupa wao. Alirudi Pemba kumwona mamake baada ya miaka mitatu.

"Mtu akikwambia alifurahi huko bweni," akasema, "mwambie alizoea. Kuzoea na kufurahi ni mbalimbali."

Kijana wa tiketi alikuwa amesogea anasikiliza. Hakuna aliyesema kitu. Nje pikipiki ikapita ikipiga honi.

Tulipotoka tukakaa kwenye baraza yangu ya kusubiria. Nikataka kumchangamsha, nikamsimulia habari za ule mnada wa London wa Septemba mwaka ule, vitu vya nyumba ya Freddie ya Garden Lodge vilivyouzwa: piano yake zaidi ya pauni milioni moja na laki saba, na mlango wa ukuta wa bustani, wa kijani, uliojaa maandishi ya mashabiki, zaidi ya pauni laki nne.

"Mlango?"

"Mlango."

"Una njumu?"

"Hauna hata moja. Mbao na rangi tu."

"Basi aliyenunua kaliwa," akasema shangazi, akautazama mlango wa jirani wenye njumu zake za shaba kama mtu anayekadiria bei ya ng'ombe.

Kisha akataka kusikia huo muziki wenyewe. "Nimeona nguo, sijasikia sauti." Nikamwekea Bohemian Rhapsody, ule wa 1975 uliokaa wiki tisa juu ya orodha ya Uingereza ingawa una karibu dakika sita na hauna kiitikio. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni. Shangazi ni mtu wa taarabu. Kwao mama yake mkubwa kulikuwa na santuri za Siti binti Saad, yule wa Fumba aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi, kwa hivyo wimbo mrefu haumtishi. Kiingereza hajui. Uso wake haukuonesha kitu, mpaka ghafla akasema, "Anamwita mama."

Nimeusikia wimbo ule mara elfu. Nimewasikia Wajerumani wakiuimba kwenye gari. Sikuwahi kulisikia neno lile kama neno la kwetu.

Akaendelea kusikiliza, sauti zikaanza kupanda na kugombana, akaondoa simu sikioni akaitazama. "Kasema Bismillahi?"

"Kasema."

"Mara ngapi?"

"Zaidi ya mara moja."

Akatikisa kichwa kwa uhakika wa mtu aliyeshinda kesi. "Basi kalisikia hapa. Mtoto wa Shangani, kila dirisha Bismillahi, kila anayefungua duka Bismillahi. Litamtoka wapi jingine?"

Nitasema kweli: mkono wangu wa upapasi uliwasha. Hebu fikiria sentensi ile mbele ya wageni kumi na wawili kutoka Manchester, jua linazama, mlango nyuma yangu, adhana ya magharibi kwa mbali. Ningepata bahashishi ya mwezi. Lakini Mercury mwenyewe alikataa mpaka mwisho kueleza wimbo ule una maana gani, na mimi ni mtu aliyeshamzalisha mtu huyu katika nyumba isiyokuwa ya uzazi na kumpa baba shamba la karafuu. Sikutaka kumwongezea tena.

Nilichokifanya nimekifanya mpaka leo. Naisema, ila namtaja mwenyewe. "Shangazi yangu, mtu wa Wete, hajui Kiingereza, anasema hivi." Wageni hucheka kidogo, kisha wananyamaza, na baadhi yao huwasha wimbo palepale kutafuta neno. Mmoja aliniuliza kama shangazi anapatikana kwa mahojiano. Nikamwambia ana jicho la pili la kushughulikia.

Njia nayo nimeigeuza. Zamani nilianza mlangoni, kwa sababu mlango ndio unaolipa, kisha nikaburura watu sokoni. Sasa naanza ufukweni, panapoonekana meli, naeleza habari za mtoto wa miaka minane na bahari iliyokuwa ikiwachukua watu wetu kwenda Bombay na kuwarudisha. Naeleza 1964 kwa sauti ya chini, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu kila nyumba ya hapa ina mtu aliyeondoka na mtu aliyebaki, na wote wawili wana yao ya kusema. Heathrow naieleza kwa furaha, hapo napiga kifua. Mlangoni tunafika mwisho. Wengine huchoka kabla na kuniuliza bado mbali? Mapato yalishuka miezi ya mwanzo, siwezi kuficha. Baadaye yakasimama. Kuna kampuni moja iliacha kunipa wageni ikidai hadithi yangu ina majonzi, na watu wako likizo.

Siku ya kumi na moja nikampeleka shangazi Malindi kupanda boti ya Pemba. Begi lake nimelibeba mwenyewe begani, kama zamani, na wachukuzi waliokuwa wakinijua wakanizomea kwamba nimerudi kazini. Alikuwa na mfuko wa halua, dawa za macho, na tiketi ya makumbusho aliyoifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli.

Getini kijana mmoja alikuwa amewaganda wageni wawili waliotoka botini na mikoba mgongoni. Ana fulana ya Brazil na kandambili. Akawanyoshea mkono upande wa Shangani akawaambia kwa Kiingereza kwamba yeye atawapeleka nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury, bei ya kirafiki, babu yake alikuwa mpishi wao.

Shangazi hakuelewa ila jina. Akashusha miwani, akamtazama kijana kwa jicho lake jipya kutoka kandambili mpaka nywele.

"Nawe ulikuwa hivi?"

"Mimi nilikuwa na kitambi kidogo."

"Na babu mpishi?"

"Hilo sikulifikiria," nikasema.

Honi ya boti ikapigwa. Akanipokonya mfuko wa halua, akapanda.